Umeyapata Wapi? Historia ya Swali Ambalo Shule Zetu Hazikuliuliza

Desemba iliyopita nilikaa na rundo la insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu Vita vya Majimaji. Swali lilikuwa jepesi kwa mtu aliyemaliza kidato cha sita: eleza nafasi ya Kinjikitile Ngwale katika kuanza kwa vita hivyo. Nilipofika insha ya saba nikaanza kuhisi kwamba ninasoma insha ileile moja. Nilipofika ya kumi na mbili sikuwa tena na shaka. Kinjikitile wa insha hizo alikuwa mtu mwenye mashaka moyoni, aliyewasihi wenzake wasubiri, aliyejiuliza kama maneno aliyopewa na roho iliyomshukia hayakuwa na mtego ndani yake.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ameshamtambua. Huyo ni Kinjeketile wa tamthilia ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, na Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wake kwamba mhusika huyo ni zao la ubunifu, asichanganywe na mtu wa historia. Hata tahajia ya jina ilikuwa imewasaliti wanafunzi wangu. Kichwa cha insha kiliandikwa kama nilivyokiandika mimi, lakini ndani jina likageuka kuwa lile la jukwaani.

Niliwaita wachache ofisini. Nikawauliza: umeyapata wapi haya? "Mtandaoni, mwalimu." Mtandaoni wapi? Ameandika nani? Mwaka gani? Kijana mmoja akafungua simu yake kwa nia njema kabisa anionyeshe. Ukurasa haukuwa na jina la mwandishi wala tarehe, na chini yake palikuwa na tangazo la kubashiri matokeo ya mpira. Nikamwambia simtuhumu wizi, nataka tu kujua. Binti aliyekuwa pembeni yake akanijibu kwa adabu, jibu ambalo sijaweza kulisahau: "Samahani, mwalimu. Tangu darasa la kwanza hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo."

Ningeweza kuandika hapa, kama wengi wa rika langu wanavyofanya, kwamba simu zimewaharibu vijana. Nimelisikia hilo kwenye vikao vya wazazi, kwenye semina za maofisa elimu, hata kwenye mahubiri. Mimi ni mwalimu wa historia, na historia hainiruhusu kulisema. Tabia ya kunakili pasipo kuuliza chanzo ilikuwapo nchini mwetu kabla ya waya wa kwanza wa intaneti kuguswa na mkono wa Mtanzania. Mimi mwenyewe nililelewa nayo.

Tuanze na mfano ulio kinyume, kwa sababu upo, na unahusu vita hivyohivyo.

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ilianzisha mradi wa kuitafiti Majimaji. Waliokuwa nyuma ya kazi hiyo ni pamoja na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Idara yenyewe ilikuwa changa, imeanzishwa na Terence Ranger miaka mitano tu nyuma yake. Jambo linalonishangaza kila nikifikiria mradi ule ni nani waliotumwa. Walitumwa wanafunzi. Vijana wa shahada ya kwanza, wengine wakirudi katika wilaya walikozaliwa, walikwenda kukaa na wazee vijijini, wakauliza, wakaandika, wakarudi na karatasi.

Hesabu ni rahisi. Vita vilianza Julai 1905. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na mitano siku ile pamba ilipong'olewa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, alikuwa na miaka sabini na minane mwaka 1968. Alikuwa hai. Alikuwa amekaa chini ya mwembe wake, hajaulizwa na mtu mwenye kalamu. Kumbukumbu zilizokuwa zimeandikwa hadi wakati huo zilitoka kwa sehemu kubwa kwa maofisa wa Kijerumani na wamisionari, watu waliokuwa upande mmoja wa bunduki. Upande wa pili palikuwa na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, hazina kubwa, lakini ni sauti moja ya mshairi wa pwani. Wanafunzi wale walikwenda kutafuta sauti nyingine kabla hazijazimika.

Waliporudi, ripoti zao hazikukubaliana. Hili ndilo ninalolipenda. Maelezo ya Umatumbi hayakufanana na ya Ungoni. Sababu za watu kuingia vitani zilitofautiana kutoka mahali hadi mahali. Dawa ya maji ilieleweka hivi huku na vile kule. Mwanafunzi alilazimika kuandika: mzee fulani wa kijiji fulani amesema hivi. Jina la msimulizi na mahali alipoketi vilikuwa sehemu ya maarifa yenyewe, havikuwa pambo la ukurasa wa mwisho.

Chukua idadi ya waliokufa. Serikali ya Kijerumani ilitaja Waafrika 75,000. Gwassa, baada ya kufanya kazi ndani ya maeneo yenyewe na kuihesabu njaa iliyofuata, njaa ambayo wazee wa kusini waliiita fugufugu, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti kati ya takwimu hizi mbili ni ya kisiasa kabla ya kuwa ya kihesabu. Inategemea kama mtoto aliyekufa kwa njaa mwaka 1907, baada ya mashamba na maghala kuchomwa kwa makusudi ili watu wasalimu amri, ni marehemu wa vita au si wa vita. Mwanafunzi anayenakili namba moja bila jina la aliyeitoa amekwisha kuchagua upande, na hajui kwamba amechagua.

Swali langu basi ni hili. Nchi iliyokuwa na wanafunzi wa namna ile mwaka 1968, imefikaje kwa wanafunzi wangu wa Desemba?

Sehemu ya jibu iko katika mtihani. Shule ya sekondari tuliyoirithi ilikuwa imejengwa kuuelekea mtihani wa Cambridge, uliotungwa ng'ambo, ukasahihishwa ng'ambo. Mwalimu hakuwa na mamlaka juu ya kilichokuwa sahihi, alikuwa mpitishaji. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na watu wengi wanaikumbuka kwa sababu ya majembe na mashamba ya shule. Wanaisahau sehemu iliyo nzito kuliko jembe. Andiko lile lilitaka shule imjenge kijana mwenye akili ya kuhoji, anayeweza kujifunza kwa wengine, kisha akakubali, akakataa au akarekebisha alichojifunza kulingana na haja zake. Lilisema wazi kwamba mfumo wa kuwathamini watu kwa vyeti na mitihani pekee una kasoro.

Yaliyofuata yalikuwa na nia hiyohiyo. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Novemba 1974 Azimio la Musoma likataka mtihani wa mwisho usiwe hakimu wa pekee, na kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yakaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani. Kwenye karatasi tulikuwa tumelivunja jiwe. Darasani mambo yalikwenda vingine, kwa sababu Azimio lilelile la Musoma lilileta elimu ya msingi kwa wote kwa kasi ambayo vitabu havikuweza kuifuata, kisha ikaja hali ngumu ya uchumi, Vita vya Kagera, na ule ukame wa fedha za kigeni ambao hata karatasi ulizifanya ziwe bidhaa adimu.

Hapo naweza kusema kama shahidi. Nilisoma sekondari katikati ya miaka ya 1980, kusini. Kitabu cha historia kilikuwa kimoja, kilikaa katika meza ya mwalimu, na jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi. Mwalimu alimpa kiranja, kiranja akakinakili ubaoni, nasi tukanakili kutoka ubaoni. Mwalimu mwenyewe wakati huo alikuwa shambani au kwenye mradi wake wa kuku, na simlaumu, mshahara haukutosha hata sabuni. Usiku, kwa koroboi, tulikariri. Aliyekosea nukta ya tatu ya "sababu za kuporomoka kwa" himaya yoyote ile alichapwa. Jina la mwandishi wa kitabu kile sikulijua hadi nilipokikuta tena maktabani Dar es Salaam, miaka mingi baadaye, na nikakitambua kwa makosa yake. Kulikuwa na tarehe moja iliyokosewa ambayo shule nzima tuliikariri kwa uaminifu.

Tulikuwa hodari. Tulipiga msuli hadi miguu ikafa ganzi. Kijana wa leo anayeambiwa kwamba sisi wa zamani tulikuwa wasomaji makini aelewe tulikuwa wasomaji wa nini.

Jambo la pili ni lugha, na hili viongozi wetu hawapendi kulisikia likirudiwa. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha siku moja ya Januari anaingia kidato cha kwanza na karibu kila kitu kinageuka kuwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wake juu ya uamuzi ule, lakini atazame matokeo yake katika stadi ya kusoma. Kusema jambo kwa maneno yako mwenyewe kunahitaji uwe na maneno. Mwanafunzi asiyeweza kuunda sentensi tano za Kiingereza kuhusu biashara ya watumwa hana njia ya kuifupisha aya aliyoisoma. Anayo njia moja tu, kuibeba nzimanzima kama ilivyo. Tukishamzoesha hivyo miaka minne au sita, tunampokea chuoni na kumpa karatasi inayosema kwamba kunakili ni kosa la kinidhamu.

Nitalipitia kwa haraka suala la maktaba, ingawa linastahili makala yake. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa na Rais Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya maadhimisho ya Uhuru. Serikali changa na maskini ilichagua maktaba iwe zawadi ya siku hiyo. Ingia leo katika maktaba yoyote ya mkoa wakati wa likizo utaikuta imejaa vijana, na moyo utafurahi, hadi utakapotazama wanachosoma. Wamekuja na madaftari yao na madesa yao. Wamefuata meza, taa na utulivu. Vitabu vimebaki kwenye rafu, vingi vikiwa na umri kuliko wao. Kwa hiyo kuna kizazi kizima kilichoingia maktaba bila kujifunza kazi ya faharasa, wala kujiuliza kwa nini kitabu kina tanbihi.

Mwaka huohuo wa 1974, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Naitaja si kwa kucheka, maana sababu za wakati ule zilieleweka: fedha za kigeni zilikuwa chache, na jaribio la kutumia mashine hizo katika hesabu za serikali lilikuwa limeleta hasara. Naitaja kwa sababu ya umbali tulioruka. Mwaka 2009 mkongo wa kwanza wa baharini ulifika Dar es Salaam, na ndani ya miaka michache mtu aliyekuwa hajawahi kumiliki kamusi akawa na simu iliyounganishwa na dunia nzima. Wenzetu kwingineko walipita kwenye maktaba, orodha za kadi na magazeti ya kitaaluma kabla ya kufika kwenye injini za utafutaji. Sisi tulitoka kwenye ubao wa kiranja tukaingia Google moja kwa moja. Tuliitumia kama tulivyoutumia ubao. Kilichoandikwa juu kabisa ndicho sahihi, na kinanakiliwa kabla hakijafutwa.

Halafu ikaja Februari 2013. Wasomaji watumishi wa umma watakumbuka siku ile. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitangazwa na karibu watahiniwa sita kati ya kumi walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mwezi Mei serikali ikatangaza kwamba matokeo yafutwe na yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Tukaingia miaka ya kubadilisha vipimo: madaraja yakaondolewa, wastani wa alama ukaletwa, kisha mwaka 2016 madaraja yakarudishwa. Nilifuatilia mjadala wote ule, bungeni na magazetini. Tulibishana sana juu ya namna ya kumpima mwanafunzi. Juu ya namna anavyosoma, anavyotafuta jambo, anavyojua kwamba amelielewa, tulisema machache mno. Mgonjwa alikuwa kitandani nasi tuligombania kipimajoto.

Naomba msomaji aniruhusu niingie nyumbani kwangu, kwa sababu hoja hii ilinikuta sebuleni muda mfupi baada ya kumaliza kusahihisha insha zile.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Alikuja likizo. Mama yake alinipigia simu kabla: "Kaka, zungumza na mwanao, kitabu hakishiki." Siku ya pili nikamkuta amelala kwenye kochi na simu kifuani, saa nne asubuhi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umesoma nini leo?"

Akakaa vizuri. Ni mtoto muungwana, hakunidanganya. Akaniambia: "Mjomba, nisome ili iweje? Kaka ana digrii ya ualimu, mwaka wa nne huu anaendesha bodaboda. Na anaiendesha ya mtu."

Sikuwa na jibu la haraka, na sioni aibu kukiri. Sisi wa historia tunajua kwamba motisha ya shule yetu tangu mwanzo ilikuwa ajira. Mkoloni alifungua shule apate makarani na wakalimani. Uhuru ulipokuja ulikuta nafasi wazi, na kijana wa kidato cha nne wa mwaka 1962 alisubiriwa na ofisi. Hata ugomvi mkubwa wa kwanza kati ya serikali huru na wasomi wake ulihusu malipo ya cheti. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na makato ya mishahara yao ya baadaye. Mwalimu akawafukuza zaidi ya mia tatu, na siku hiyohiyo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia ishirini. Elimu ya Kujitegemea ilitoka miezi mitano baadaye, na mimi siamini kwamba ukaribu wa tarehe hizo ni bahati. Tangu siku zile tumekuwa tukimwambia mtoto kwa mdomo kwamba elimu ni zaidi ya kazi, huku kila kitu tunachomfanyia kikimwambia ni kazi tu. Sasa kazi haipo. Mpwa wangu amefanya hesabu yake sawasawa.

Kwa hiyo sikumhubiria. Nilimuuliza swali ambalo nilijua lina ndoano. Wanasoma nini kwenye historia? Akasema upinzani dhidi ya ukoloni. Majimaji? Ndiyo, mjomba. Walikufa watu wangapi? Akachukua simu. Sekunde tatu: "Sabini na tano elfu." Nikamwambia atafute ukurasa mwingine. "Laki tatu." Akakunja uso. Akatafuta wa tatu, ukasema laki na ishirini. Akaniangalia kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Sasa ipi?"

Tulikaa mezani hadi adhuhuri. Hatukufanya jambo la ajabu. Nilimwambia kabla ya kuifungua simu tena aandike kwenye daftari swali analolitafuta, kwa Kiswahili, sentensi moja. Kisha kila ukurasa anaoufungua aandike vitu vitatu kabla ya kusoma: nani ameandika, lini, na amejuaje. Kurasa nyingi zilianguka palepale, maana hazikuweza kujibu hata la kwanza. Mbili aligundua ni ukurasa mmoja ulionakiliwa, pamoja na kosa lake la chapa; aliligundua yeye, si mimi, na alifurahi kama aliyemkamata mwizi. Baada ya kusoma nikamwambia aigeuze simu kifudifudi na aandike alichokumbuka, kwa maneno yake, lugha yoyote. Hapo ndipo alipotoa jasho. Alikuwa amesoma dakika arobaini na alipata mistari minne. Akafungua tena, akarudia. Mara ya tatu akapata ukurasa mzima. Niliona usoni mwake kitu ambacho sikukiona asubuhi.

Akaniuliza huyo Gwassa alijuaje. Nikamsimulia habari za wanafunzi wa 1968. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Bibi si wa Kilwa?"

Bibi yake ni mama yangu. Ana miaka themanini na mitatu, ametoka Umatumbi, na katika miaka yangu yote ya kufundisha historia sikuwahi kumkalisha nikamuuliza rasmi. Nina shahada tatu. Mtoto wa kidato cha tatu alikwenda jioni ileile kumsalimia, akaweka simu juu ya mkeka, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Nimeisikiliza rekodi hiyo mara nyingi. Mama hakusema lolote kuhusu Kinjikitile, wala maji, wala Wajerumani kwa majina. Alisimulia alichosimuliwa na bibi yake mzaa mama: mizizi waliyokula, jinsi ilivyolowekwa siku kadhaa kuondoa sumu, na mtoto mmoja ambaye hakusubiri. Akataja jina la mtoto yule. Halimo katika ukurasa wowote wa intaneti. Mpwa wangu anasikika akiuliza, kwa sauti ndogo, "Bibi, wewe umeyapata wapi?" na mama anacheka, anamwambia mlolongo: bibi yake alimwambia nani, wakiwa wanafanya nini. Walikuwa wanatwanga.

Simu ileile. Shule yake, kama nyingine nyingi nchini, haimruhusu mwanafunzi kuwa nayo, na ninazijua sababu, zipo zenye uzito. Nimekaa na wakuu wa shule walionieleza yanayotokea mabwenini usiku. Lakini tukiwa tunamkabidhi mtoto chombo hiki wakati wa likizo tu, mahali ambapo hakuna mwalimu, na kukiondoa mahali ambapo mwalimu yupo, tumepanga wenyewe kwamba asifundishwe kukitumia. Mitaala mipya imetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hapo naona mlango. Mwanafunzi anaweza hatimaye kumuuliza bibi yake kwa lugha ambayo ataiandikia pia. Ombi langu kwa wanaoandaa miongozo ya somo hilo, na najua baadhi yenu mnasoma hapa, ni dogo: wekeni kazi moja, hata moja kwa mwaka, ambayo alama zake zinatolewa kwa kueleza chanzo.

Mpwa wangu alirudi shuleni Januari. Alinakili simulizi ya bibi kwenye daftari kwa sababu simu ilibaki kwa mama yake. Walipopewa zoezi la Majimaji aliandika takwimu zote mbili, akataja nani alitoa ipi, na chini akaongeza sentensi mbili za fugufugu kama alivyosimuliwa. Mwalimu aliweka mkasi kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba hayo hayamo kwenye notisi. Sitaitaja shule. Mwalimu yule ana madarasa yaliyofurika na mtihani wa taifa mbele yake, na pengine naye hajawahi kuulizwa.

Mwezi uliopita, siku ya wazazi kutembelea, kijana alinivuta pembeni karibu na bomba la maji. Alikuwa na swali moja na alitaka jibu la moja kwa moja: "Mjomba, kwenye mtihani wa taifa niandike ipi?"

Nilimwambia aandike kwanza ile iliyomo kwenye notisi, kisha, kama muda utabaki, aongeze sentensi moja ya kusema ni ya nani. Aliitikia kwa kichwa. Nimeendesha gari kilomita nyingi tangu siku ile nikilifikiria jibu nililompa, na bado sijaridhika nalo.